Kizibao cha mgongo ni cha kukalia

Kumvalisha mtoto kizibao cha mgongo, lile gamba la plastiki la vipande viwili linaloshikilia kiwiliwili, hakutaki haraka. Kwanza fulana ya pamba inayobana, isiyo na mshono ubavuni, ivutwe mpaka usibaki mkunjo hata mmoja. Mtoto anageuzwa ubavu, kipande cha nyuma kinasukumwa chini yake, anarudishwa chali, kisha unakipapasa kiuno chake mpaka kiingie pale plastiki ilipobonyea. Ndipo kipande cha mbele kinawekwa juu. Mikanda ya velkro inafungwa kuanzia kiunoni, ya kifuani baadaye. Ukikosea kwa upana wa vidole viwili, kizibao kinapanda mtoto anapokalishwa, kinamkaba kwapani, na utajulishwa kwa kilio. Mpwa wangu ana mtindio wa ubongo. Siku misuli yake imetulia, kazi hiyo ilituchukua dakika 15. Siku imekakamaa tuliweka kizibao pembeni, tukamkanda mapaja, tukasubiri.

Hayo niliyajua kabla sijajua kizibao chenyewe ni cha nini. Siku tuliyokabidhiwa, dada yangu aliuliza swali ambalo nadhani kila mzazi huliuliza: "Mgongo utanyooka?" Fundi alikuwa ameinama akilainisha ukingo wa plastiki kwa msasa. Akajibu bila kuinua kichwa, "Tutajaribu, mama." Lilikuwa jibu la huruma. Pia lilitugharimu miaka 2, maana tuliondoka pale na kipimo kisicho chake, na kila picha ya eksirei iliyofuata tukaisoma kama ripoti ya mwanafunzi anayefeli.

Kwa mtoto mwenye ulemavu mkubwa wa viungo, asiyetembea na asiyeweza kukaa bila kushikiliwa, kizibao ni jamaa wa kiti kuliko jamaa wa dawa. Kazi yake ni kumkalisha. Kikimkalisha vizuri, kimefaulu hata kama mgongo unaendelea kupinda. Kisipomkalisha, kimeshindwa hata kama picha inapendeza. Tabu ni kwamba familia nyingi huambiwa habari za kunyoosha, au huachwa ziamini hivyo, na nyuma ya imani hiyo inakuja ratiba ya mavazi isiyo na sababu, halafu lawama.

Imani yenyewe ni ya kale. Katika karne ya 16 Ambroise Paré, mpasuaji maarufu wa Ufaransa, alipendekeza vizibao vya chuma vyenye matundu kwa watu waliopinda mgongo, na mafundi walioweza kazi hiyo walikuwa watengeneza deraya za vita. Mgongo umepinda, ubane unyooke: akili ya kawaida kabisa. Kilichokuja kuipa nguvu katika zama zetu ni tafiti kuhusu kundi jingine la watoto.

Skoliosisi ni mgongo kupinda kwenda upande huku pingili zikijizungusha. Hupimwa kwenye picha ya eksirei kwa pembe iliyoelezwa mwaka 1948 na daktari Mmarekani, John Cobb, na kuanzia nyuzi 10 ndipo huitwa kwa jina hilo. Aina inayojulikana zaidi huwapata vijana wanaobalehe, wasichana hasa, bila sababu inayoeleweka. Kwao kizibao kina ushahidi wa kuheshimika. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada, matokeo yake yakatoka mwaka 2013, ulikuta asilimia 72 ya waliovaa walimaliza kukua bila kufika nyuzi 50, dhidi ya asilimia 48 ya waliofuatiliwa tu. Waliovaa saa 13 hivi au zaidi kwa siku walifaulu kwa zaidi ya asilimia 90. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa kuwa tofauti ilikuwa imeshaonekana.

Sasa mtazame msichana huyo wa miaka 13. Anatembea, anakimbia, misuli yake inapokea amri na kuitii. Nyonga zake ziko sawasawa chini ya kiwiliwili. Kizibao kinamsukuma mahali fulani naye anajirekebisha mwenyewe ndani yake. Mifupa ikikomaa kabla mgongo haujapinda sana, mara nyingi kazi imekwisha, anakivua na kuendelea na maisha.

Mtoto tunayemzungumzia hana hata kimoja kati ya hivyo. Misuli yake inavuta bila ulinganifu au imelegea isiweze kubeba uzito wa kichwa. Mgongo wake hupinda kwa tao moja refu linaloshuka mpaka kwenye nyonga, nayo nyonga inainuka upande mmoja, hivyo msingi wenyewe wa jengo umelala. Mara nyingi paja moja limeshachomoka au linachomoka kwenye kiungo chake. Kinachoupinda mgongo hakikomi mifupa inapokomaa, kwa hiyo hakuna mstari wa mwisho wa kuufikia. Plastiki ya unene wa milimita chache inashindana na ubongo, uzito wa mwili na miaka.

Ushahidi uliopo unasema hivyo hivyo, ingawa ni mchache. Watoto wenye mtindio wa ubongo hupangwa katika ngazi 5 kwa uwezo wao wa kujongea, ya 5 ikiwa ya wanaotegemea msaada kwa kila kitu. Takwimu za Sweden zilizochapishwa mwaka 2012 zilionyesha kuwa walio ngazi ya 4 na ya 5 wana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa na skoliosisi ya wastani au kali watakapofika miaka 18. Utafiti mdogo wa Japani wa mwaka 1998 ulikuta kwamba waliovuka nyuzi 40 kabla ya miaka 15 karibu wote walikwenda mpaka juu ya 60. Na mwaka 1996, Marekani, watoto 43 wenye mtindio wa ubongo uliokakamaza viungo vyote vinne walilinganishwa: waliovishwa kizibao kigumu saa 23 kwa siku, kwa zaidi ya miaka 5, na wasiovishwa. Mwendo wa kupinda haukutofautiana.

Saa 23 kwa siku. Saa moja ya kuoga.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda zaidi, wa Norway, wa mwaka 2000, uliowafuatilia wagonjwa 86. Mgongo uliendelea kupinda, kwa wastani wa nyuzi 4 hivi kila mwaka. Ukiishia hapo utasema kizibao hakina maana. Lakini walezi wengi waliridhika nacho, na sababu yao ilikuwa moja: mtoto alikaa vizuri zaidi. Watafiti wenyewe walipendekeza kikusudie hilo. Tafiti hizi hazikuwagawa watoto kwa bahati nasibu, na mtu mkali anaweza kuzitoboa. Mimi naona zimeelekeza kidole mahali pamoja, na ajabu ni kwamba zaidi ya miaka 20 baadaye bado tunaanza mazungumzo kliniki kwa nyuzi.

Kukaa si jambo dogo, na asiyewahi kumlea mtoto wa namna hii anaweza kulipuuza neno hilo. Mpwa wangu akikaa bila kizibao alikuwa anaangukia kushoto. Ili asidondoke, alikuwa anachomeka kiwiko cha kushoto kwenye meza na kujishikilia hapo. Mkono huo ukawa nguzo. Ukiwa nguzo hauwezi kushika kikombe, hauwezi kugusa picha kwenye ubao wa mawasiliano, hauwezi kumsukuma mdogo wake anayemkera. Kichwa nacho kilifuata kiwiliwili, akawa anautazama ulimwengu kwa mshazari, jicho moja limekaribia bega. Kijiko kililetwa kutoka upande na chakula kilitokea upande. Tulipomfunga kizibao na kumkalisha, kichwa kilirudi katikati na kiwiko kikainuka mezani chenyewe. Alikitazama kile kiganja chake kama kitu kilichokuwa kimeazimwa na jirani kikarudishwa. Hakuna eksirei inayopiga picha ya jambo hilo.

Eksirei ina udanganyifu wake, nao unafaa kujulikana. Mtoto aliyelala hana uzito unaomkandamiza, hivyo mgongo laini huonekana umepungua nyuzi nyingi kuliko akiwa ameketi. Akipigwa picha ndani ya kizibao hupungua tena. Ukivua, unarudi. Nimeonyeshwa picha mbili zikiwekwa bega kwa bega kama ushahidi wa maendeleo, moja ameketi bila kitu, nyingine amelala na kizibao. Hata gunia la mchele lingeonyesha maendeleo kwa mtindo huo. Linganisha ameketi na ameketi, bila kizibao na bila kizibao. Picha ya ndani ya kizibao ina kazi yake tofauti, kuonyesha kama plastiki inashika pale ilipokusudiwa.

Kosa jingine ni kuyachukulia magonjwa yote kama moja kwa kuwa viti vinafanana. Kwa wavulana wenye Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaokula misuli, miongozo ya kimataifa ya mwaka 2018 haipendekezi kizibao cha kuzuia kupinda. Kwao dawa za kotikosteroidi zimepunguza mno idadi ya wanaopata skoliosisi kali, na anayepata hufikiriwa mapema kwa upasuaji, mapafu yangali na nguvu. Kwa watoto ambao misuli yao imesinyaa kwa hitilafu ya neva za uti wa mgongo, miongozo ya mwaka huohuo inakubali kizibao mgongo unapovuka nyuzi 20, kwa kumshikilia mtoto na kusubiri akue, huku ikifahamika wazi kwamba hakizuii. Watoto hao hupumua kwa tumbo, hivyo kizibao chao lazima kiwe na dirisha kubwa pale mbele. Anayekifunika amemfungia mtoto pumzi. Aliyezaliwa na mgongo wazi anaweza kuwa hana hisia kiunoni. Kidonda kinaanza chini ya plastiki naye anatabasamu.

Kwa hiyo gharama zipo, na simaanishi fedha. Plastiki inazuia joto kutoka, na mtoto anatokwa jasho mpaka fulana inaloa. Tumbo linabanwa, maziwa yanapanda. Wenye mrija wa kulishia tumboni wanahitaji tundu lililokatwa mahali sahihi kwa sentimita, na mtoto akiongezeka kilo mbili tundu limeshahama. Ngozi huacha alama nyekundu kila kinapovuliwa, hilo la kawaida. Alama ambayo baada ya nusu saa bado ni nyekundu ni onyo: kizibao kisirudishwe mpaka fundi akione. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri. Tulifundishwa na muuguzi mmoja kutumia mgongo wa kiganja: palipo na joto au pagumu kuliko jirani yake, hapo pana tatizo. Ni mafunzo ya dakika 2, na hayamo katika karatasi yoyote tuliyopewa.

Halafu kuna gharama isiyoandikwa hata kwenye tafiti, ya mama. Dada yangu alikuwa ameambiwa saa 23. Alikuwa anaamka usiku kumgeuza mtoto aliyevaa gamba, akikuta analia anamvua, akimvua anajihisi ameuharibu mgongo wake. Kwenye daftari la kliniki aliandika saa 20. Nilijua zilikuwa 9. Sikumlaumu, na namba hiyo ya uongo ndiyo iliyokuja kutumiwa kusema kizibao kimejaribiwa vya kutosha. Saa 23 zilitoka wapi? Zinafanana sana na ratiba za vijana wanaobalehe, kwa watoto ambao kizibao kweli hugeuza njia ya mgongo. Kwa mtoto anayekivaa ili akae, saa za kukivaa ni saa za kukaa: darasani, safarini, wakati wa kucheza mezani. Kula inategemea, yuko anayemeza vizuri zaidi akiwa wima ndani yake, na yuko anayetapika. Usiku avuliwe alale, ila kama kuna sababu iliyotajwa kwa kinywa na mtu anayeweza kuulizwa.

Najua jibu la madaktari wa upasuaji, na lina uzito. Mtoto wa miaka 6 mwenye mgongo laini uliopinda nyuzi 35 hawezi kuwekewa vyuma vya kudumu leo, maana kifua chake bado kinahitaji nafasi ya kukua. Kizibao, hasa kile laini chenye sponji na mbavu chache za plastiki, kinaweza kununua miaka kadhaa. Sipingi. Ninachotaka ni kwamba kinachonunuliwa kitajwe kwa jina lake, yaani muda, pamoja na tarehe ya kuangalia tena. Hatari ya ahadi ya kunyoosha iko hapa hasa. Familia inayoamini kwamba kizibao kinatibu hutulia. Inakuja kushtuka mgongo umefika nyuzi 90, wakati upasuaji uliokuwa mgumu sasa ni mgumu maradufu. Upasuaji huo ni mzito hata ukiwahi: kuambukizwa kidonda na matatizo ya mapafu ni vya kawaida zaidi kwa watoto hawa kuliko kwa vijana wanaotembea, ingawa familia nyingi zilizopitia husema zingeuchagua tena. Huo ni uamuzi wa kufikiriwa kwa miezi. Kizibao kisitumike kuuahirisha kimyakimya.

Ningependa pia mtu akitazame kiti kabla ya kuagiza plastiki. Pedi tatu zilizowekwa mahali pake, moja chini ya kwapa upande unaoangukia, moja kwenye kilele cha tao upande wa pili, moja nyongani, zinamsimamisha mtoto kwa kanuni ileile ya kizibao. Utafiti mdogo wa Uingereza wa mwaka 2003 ulipima watoto 16 wakiwa wameketi hivyo, na mgongo ulinyooka zaidi kuliko kwa mipango mingine ya pedi. Kiti hakina jasho. Kina ubaya wake: hakimfuati mtoto akibebwa, akipanda gari, akikaa mapajani kwa bibi. Kwa wengine vyote viwili vinahitajika. Ila kizibao kizuri ndani ya kiti kibovu, chenye kitambaa kilichobonyea katikati kama machela, ni kazi bure, kwa kuwa nyonga imeshalala kabla mkanda wa kwanza haujafungwa.

Na mtoto mwenyewe? Wengi wao hawasemi kwa maneno. Wanasema. Mpwa wangu alikuwa anafumba macho akiona fulana nyeupe ya pamba, zamani kabla kizibao chenyewe hakijatolewa, na tulichukua muda wa aibu kuielewa lugha hiyo. Baadaye, saa zilipopunguzwa kuwa za shule tu, alikuwa anafumba macho Jumamosi na kuyaacha wazi Jumatatu. Sijui kama mtu anaweza kupata fomu ya tathmini iliyo wazi kuliko hiyo. Mtaalamu anayepima nyuzi, uzito na pumzi, asiulize mtoto huwa anafanyaje akikiona kizibao, ameacha kipimo kimoja mezani.

Tulipokwenda kuchukuliwa vipimo vya kizibao cha tatu, mgongo ulikuwa umefika nyuzi 58. Fundi alikuwa mwingine, kijana. Dada yangu hakuuliza habari za kunyooka. Alisema, "Anachoka darasani saa 4. Nataka afike saa 6, na mkono wa kushoto uwe huru." Kijana akaiweka plasta yake chini, akafikiri kidogo.

"Kiti chake kiko wapi, dada? Nikione kwanza."

Tulikuwa tumekiacha nyumbani. Ikabidi turudi Alhamisi.